Chuchu inayowasha bila kupona: Kwa nini maabara hutafuta sukari kwenye ngozi

Chuchu ikianza kuwasha na kubanduka ngozi, kina mama wengi hulaumu sabuni, sidiria mpya au meno ya mtoto anayenyonya. Mara nyingi huwa hawajakosea. Hofu inapaswa kuanza pale dawa ya kupaka inapokwisha, ikanunuliwa nyingine, na ngozi bado ni nyekundu, ina magamba au inatoa majimaji, hasa kwenye titi moja tu.

Ugonjwa mmoja unaoweza kujificha hapo ni Paget, saratani adimu iliyopewa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza, James Paget, aliyeieleza mwaka 1874. Wengi wenye Paget ya chuchu huwa pia na saratani ndani ya titi hilohilo. Ipo na Paget ya sehemu za siri na ya kuzunguka njia ya haja kubwa. Hii huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, yaani bibi na babu ambao huona aibu kumwambia hata mtoto wao kwamba wanawashwa.

Kwa macho, Paget hufanana sana na ukurutu au fangasi. Kwa kawaida huanzia kwenye chuchu yenyewe, ndipo isambae kwenye duara linaloizunguka. Hata hivyo, dalili hiyo peke yake haitoshi. Krimu yenye steroidi nayo inaweza kutuliza muwasho kwa muda, familia ikadhani ugonjwa umekwisha.

Jibu la uhakika hutoka kwenye kinyama. Daktari hupiga ganzi, hukata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara. Huko hukatwa vipande vyembamba mno, hutiwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini.

Hapo ndipo sukari inapoingia. Chembe nyingi za Paget hubeba ute, ambao ni protini iliyofungamana na sukari. Rangi iitwayo PAS hunasa sukari hiyo na kuipa wekundu wa zambarau. Lakini hata chembe nyingine za ngozi zinaweza kuwa na akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, nayo hushika rangi ileile. Kuzitofautisha, kipande kimoja hutiwa kwanza kimeng'enya cha jamii ya kile kilicho kwenye mate, kinachovunja wanga wa ugali mdomoni. Glaikojeni huvunjika na rangi hupotea; ute hubaki na rangi yake. Kwa njia hiyo Paget hutenganishwa na saratani nyingine za ngozi zinazofanana nayo, kama melanoma, ambayo haina ute huo.

Si kila chembe ya Paget huonyesha ute, hivyo maabara huongeza vipimo vingine. Kwa Paget ya sehemu za siri, kimojawapo hutafuta CEA, ambayo nayo ni protini iliyobeba sukari. Ndiyo maana majibu yanaweza kuchelewa.

Mzazi aelewe mambo mawili. Sukari inayotafutwa hutengenezwa na chembe zenyewe. Haitokani na chai wala soda, na kuacha sukari hakuondoi ugonjwa. Pia kukata kinyama hakusambazi saratani hii, kama wengi wanavyohofu. Kinachompa nafasi ya kuenea ni miezi inayopotea kwa kubadilisha krimu.

Muwasho au kidonda cha chuchu kisichopona baada ya wiki mbili hivi za matibabu kinahitaji daktari akiangalie upya, na mama ana haki ya kuuliza kama kinyama kichukuliwe. Kwa bibi au babu anayejikuna kila siku, mtoto ndiye aanze mazungumzo, kwa upole na faraghani, kisha amsindikize hospitali.