Mjamzito Asiondoke Kliniki Bila Kupimwa Presha

Presha ya mimba huanza kimyakimya. Mama analima, anapika na kwenda gulioni akijiona mzima, kumbe presha imeshafika 140 kwa 90 na protini imeanza kutoka kwenye mkojo. Kichwa kinapomgonga, macho yakaona giza na maumivu yakamshika chini ya mbavu, ugonjwa umekwenda mbali: figo na ini huweza kushindwa kazi, mshipa ukapasuka kichwani, au kifafa cha mimba kikamwangusha. Mtoto naye huumia, kwani kondo la nyuma halipati damu ya kutosha. Hudumaa tumboni, huzaliwa njiti, au kondo hubanduka kabla ya wakati akafia humohumo. Kwa hiyo nasema wazi: kliniki iliyompa mama vidonge vya damu bila kumpima presha na mkojo haijamhudumia.

Watakaojibu kwamba zahanati za vijijini zimepungukiwa kila kitu wana haki ya kulalamika, ila upungufu huu ni wa kuziba kwanza. Mashine ya presha na vijiti vya kupimia mkojo ni vya bei ndogo mno ukilinganisha na gharama ya kumhudumia mama aliyepoteza fahamu na njiti wake. Tena tiba ipo. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Wengine huhofia kuwa dawa za presha zitamdhuru mtoto. Zipo zilizotumika kwa wajawazito kwa miongo mingi, methildopa ikiwamo, na kumwacha mama bila tiba ndiko kunakomhatarisha mtoto. Familia inayoona degedege na kudhani ni mashetani siilaumu, maana hali yenyewe inatisha, lakini saa zinazopotelea kwa mganga hazirudi.

Kujifungua nako si mwisho wa hatari. Kifafa cha mimba huweza kumpata mama akiwa tayari nyumbani na kichanga, na Shirika la Afya Duniani linashauri abaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua. Baba, mama mkwe, wifi: fungueni kadi ya kliniki leo. Kama nafasi ya presha haijajazwa, mrudisheni akapimwe.