“Hatari ni kidogo.” Kidogo kwa nani?

Vijana wenzetu wa Beni, Butembo, Goma, Bukavu, Bunia na kwengine, tunaandika haya kwa haya, juu safari hii wenye kudanganywa ni sisi wenyewe.

Wiki tatu zilizopita, mwenzetu mmoja hapa Beni alipokea ujumbe kwenye WhatsApp. Ulitoka kwa numero ya mjomba wake. Juu yake kulikuwa alama ya shirika moja la Umoja wa Mataifa, ile bluu ambayo kila mtoto wa muji huu anaijua tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. “Tunaandika vijana 200 kwa kazi ya kugawa chakula, miezi sita. Jaza fomu mbele ya kesho saa sita.” Mwenzetu si mjinga. Iko na diploma, anatafuta kazi mwaka wa ine huu, na ameisha kuona matapeli wengi. Akapitisha ile linki kwenye programu ya usalama ya telefone yake, programu ya kampuni kubwa ya ngambo. Jibu likatoka na rangi ya kijani: hatari ni kidogo. Akapiga picha ya ekrani, akaitupa kwenye grupu yetu: “Musiogope, nimeisha kuipima.”

Watu kumi na moja wakajaza fomu.

Fomu iliuliza jina, kartie, numero ya telefone. Kisha ikasema: utapokea namba sita kwa SMS, ziandike hapa tuhakikishe kama ni wewe. Zile namba sita zilikuwa za WhatsApp. Njo ufunguo wa kufungua konti yako kwenye telefone ya mtu mwengine. Magaribi ile watatu kati yetu walijikuta wamefungiwa inje. Saa tatu usiku, kutoka kwa numero zao, ukatoka ujumbe mwengine, na sasa alama ilikuwa ya kwetu: wenzetu wawili wamekamatwa, tunachanga haraka mbele hawajapelekwa kwa mahakama ya kijeshi, kila mtu atume chenye iko nacho kwa numero hii.

Watu walituma. Munajua juu ya nini walituma. Tangu utawala wa kijeshi ulipowekwa huku Mei 2021, raia asiye na bunduki anaweza kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi, na ujumbe wa namna ile mara nyingi umekuwa wa kweli. Mama mmoja wa sokoni, mwenye kuuza makayabo, alituma franga 30 000.

Sasa turudi kwa ile rangi ya kijani.

Sisemi kama ile programu ilidanganya. Ilijibu swali lake. Programu nyingi za namna hii zinaangalia kama anwani ya linki imeisha kujulikana kuwa ni mbaya, kama kuna watu walioishitaki, kama kuna virusi inangojea kuingia. Ile linki ilizaliwa asubuhi ile ile. Hapakuwa mtu alikuwa ameishitaki. Haikubeba virusi hata moja, ilibeba paka fomu. Kwa hiyo “hatari ni kidogo” ilitaka kusema “hatujasikia kitu bado”. Hayo ni maneno mawili tofauti, na kati yao njo feza ya mama wa makayabo ilipotelea.

Mtindo huu wa kutoa pointi kwa hatari si wa leo. Miaka ya 2000, kampuni Symantec ilikuwa inapanga virusi kwa ngazi, kuanzia 1 mpaka 5. Walikuwa wanaangalia mambo matatu: imeenea wapi, inaharibu nini, inasambaa kwa mbio gani. McAfee nao walikuwa na maneno yao: kidogo, katikati, kubwa. Ni kazi ya maana, hatukatai. Lakini angalia wanapima nini: wanapima kompyuta ngapi, si mtu gani. Mwaka 2003 ilitokea virusi moja iliyoitwa Swen. Ilikuja kwa email, imevaa sura ya Microsoft kabisa, na alama yake na maandishi yake, ikisema “weka dawa hii ya usalama”. Microsoft yenyewe haikuwa na desturi ya kutuma dawa kwa email, lakini nani alijua? Watu walibonyeza juu waliamini jina. Na virusi ile ilienda mbele, ikawaomba hata neno la siri la email yao. Zaidi ya miaka ishirini sasa, na kilichobadilika kwetu ni rangi ya alama.

Leo kuna kipimo kingine kinaitwa CVSS, kinatoa pointi kuanzia 0 mpaka 10. Desemba 2021 kasoro ya Log4j ilipewa 10 juu ya 10, na mafundi wa dunia nzima hawakulala. Walifanya vizuri. Lakini CVSS inapima tundu ndani ya programu. Ujumbe wenye ulitumwa kwa mwenzetu haukupita kwa tundu lolote la programu. Ulipita kwa mjomba, kwa njaa ya kazi, kwa alama ya bluu. Kwa hiyo kwenye kipimo hicho hauna hata sifuri. Hauko kabisa kwenye bulletin.

Na wakati wanapopima majina yenye kuibiwa, orodha bado si yetu. Kampuni Check Point inatoa kila miezi mitatu orodha ya majina yenye kuigwa sana na wezi, na Microsoft mara nyingi iko ya kwanza. Ni sawa, kwa mtu mwenye kazi yake iko kwenye email. Sisi tuko na telefone moja, na ndani yake kuna familia, kuna grupu ya chama, kuna mchango wa kilio, na kuna feza. Tangu mwanzo wa 2025 bank zilifungwa Goma na Bukavu, na kule watu wengi wamebaki na telefone na mtu wa kabine. Mtu akipoteza konti kule, amepoteza pochi, bank na jina lake kwa siku moja. Nani atampa hiyo pointi ya “kidogo”?

Kuna watu watasema: kosa ni la mwenzetu, angefungua macho. Sikubali. Mtu haamini alama juu ni mjinga, anaamini juu ile alama iliisha kumfanyia kitu. Gari yenye alama ile ilileta unga wakati watu walikimbia vita. Ndani ya ofisi yenye alama ile kaka yake alipata mshahara wa kweli kwa mara ya kwanza. Mwizi hakutengeneza ile imani, aliikuta imeisha kujengwa, akaingia na kuikaa.

Basi mwenye jina iko na kazi ya kufanya. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yameandika kwenye kurasa zao kama hayaombi feza kwa mtu anayetafuta kazi, hatua yoyote ile. Ni vizuri. Lakini tangazo lile tunalisoma kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, na ujumbe wa mwizi unatufikia kwa Kiswahili chetu, kwa salamu zetu, na kwa numero ya mjomba. Mwizi anajua kuongea na sisi kuliko wenye alama. Tunawaomba watoe onyo kwa redio za hapa, kwa lugha za hapa, na siku ile ile ujumbe wa bandia unapoanza kuzunguka, si mwezi nyuma.

Kampuni za telefone, nazo tunajua uwezo wao. Asubuhi jua halijatoka zimeisha kutuandikia promo ya mega na mchezo wa bahati. SMS moja ya “usimupe mtu namba sita” ingewalipisha nini? Siku ile tulipigia huduma ya wateja ili ile numero ya kupokelea feza ifungwe. Tulingoja mstari kwa dakika arobaini tukisikiliza muziki. Walipojibu, walisema tulete karatasi ya polisi. Tulipoleta karatasi, kesho yake, feza ilikuwa imeisha kutolewa.

Hapa lazima tukumbushe serikali kitu. Mwaka 2020 ilileta RAM, ile kodi ya kila telefone. ARPTC njo ilikuwa inaisimamia, na unité zetu zilikuwa zinakatwa zenyewe, telefone kwa telefone, bila mtu kuulizwa. Wananchi walikataa, bunge likaingilia, na 2022 ikaondolewa. Wakati wa kuchukua, walijua kila telefone iko wapi na ni ya aina gani. Wakati wa kufunga numero moja ya mwizi, hakuna anayeona kitu.

Na sheria iko. Tuko na kodi ya numérique ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya makosa ya kimtandao. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera aliijua haraka sana: alikamatwa Septemba 2023, wakamshitaki kwa sheria ile pamoja na zingine, akakaa gerezani mpaka Machi 2024. Tungependa kuona mbio zile zile juu ya mwenye kuiba namba sita za watoto wa watu.

Kwa kampuni za usalama tuko na ombi moja, na si kubwa: pale hamujui, muandike “hatujui”. Rangi ya kijivu, si ya kijani. Kijana wa Beni akiona kijivu atauliza jirani. Akiona kijani anawatumia wengine.

Sisi nasi hatuko safi. Wenzetu wengine walisema tusiandike hii, juu wenye kutupiga vita watacheka, na watu wataogopa kuchanga siku mtu akikamatwa kweli. Mimi naona kinyume. Alama yetu nayo ni jina lenye watu wanaamini, na sisi njo tulirahisisha kazi ya mwizi. Tulizoea kuchanga usiku, kwa haraka, kwa numero ya yeyote aliyekuwa karibu, na ujumbe wa maneno mawili. Mwizi aliandika sawa vile sisi tunaandika.

Kuanzia sasa hatutaomba tena mchango kwa ujumbe wa kuandika peke yake. Mtu akikamatwa, mutasikia kwa sauti, kutoka kwa mtu munayemujua, na mpokeaji atakuwa mmoja, yule aliyetajwa kwenye mkutano. Kila mwanamemba aingie leo kwenye mipangilio ya WhatsApp, kwenye konti, aweke ile namba ya siri ya pili, na aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta kompyuta usiyoijua, iondoe mbele ya kuuliza.

Tumeisha kurudisha feza ya watu saba. Kwa mama wa makayabo tulienda watatu. Tulipomwambia hakuna mtu alikuwa amekamatwa, alimshukuru Mungu kwanza. Kisha akahesabu zile franga, akatuangalia mmoja mmoja, akauliza: “Na ninyi, nitajua namna gani kama ni ninyi?” Tulikaa naye mpaka binti yake akatoka shuleni, yule ambaye anatufahamu.

Kama ulituma feza usiku ule na hatujakufikia, usituandikie. Kuja mwenyewe siku ya posho, saa nane, mahali pa mkutano wetu wa kawaida, na ile SMS ya kutuma bado iko kwenye telefone.