Hisa Rahisi za Benki

Mwenye kununua maharage Kariakoo huingiza mkono hadi chini ya gunia. Hisa za benki nazo zataka mkono. Soma hesabu zake: katika mali ya benki toa madeni, kisha gawanya kwa idadi ya hisa. Bei ikiwa chini ya hapo, usikimbilie. Tazama kwanza mikopo isiyolipwa, maana ndiyo ilayo mtaji. Benki Kuu hutaka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Hisa za CRDB ziliuzwa shilingi 150 mwaka 2009. Mwaka 2017 faida ilipungua sana kwa ajili ya mikopo hiyo. Ilipopunguzwa, bei ikapanda, na mwaka 2024 ikapita shilingi 600. Hesabu hutolewa magazetini kila miezi mitatu. Mwambie kijana wako akusomee.