Daftari la wiki: Ukakasi wa Mikumi

Kilosa, Ijumaa mchana. Treni ya umeme kutoka Dodoma imenishusha nikiwa na begi moja na chupa moja ya mvinyo mwekundu, niliyoiviringisha kwenye kanga. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kilosa haifiki hata nusu yake, na joto lake unalisikia mara tu unapokanyaga chini. Mto Mkondoa umetulia, ungesema si ule uliozoa tuta la reli ya zamani kwenye mvua za 2009 na 2010.

Lebo ya chupa inataja zabibu tatu: Makutupora, Syrah na Teroldego. Ya kwanza ina jina la kijiji cha kaskazini mwa Dodoma, penye kituo cha utafiti wa zabibu na visima vinavyonywesha mji. Syrah kwao ni bonde la Rhône, Ufaransa. Teroldego ni ya Trentino, Italia, na nje ya huko wachache wanaijua. Mwaka 2006 watafiti wa vinasaba walionyesha kwamba Teroldego na Dureza, zabibu iliyomzaa Syrah, ni ndugu wa baba mmoja mama mmoja. Kwa hesabu ya kwetu, Teroldego ni baba mdogo wa Syrah. (Au baba mkubwa, maana cheti cha kuzaliwa hakuna.) Ukoo huo umekuja kukutana Dodoma, ambako hakuna baridi ya kuulaza mzabibu: ukipogolewa unachipua, na mkulima anavuna mara mbili kwa mwaka.

Mikumi, jioni, nikitokea Kilosa. Malori ya Tunduma yanapita, mbuzi yuko jikoni.

“Dada, naomba kizibuo,” nikamwambia mhudumu.

“Kaka, hapa tunafungua bia tu.”

Akaleta kisu. Kizibo kikameguka, kipande kikaelea. Tena mvinyo ulikuwa wa moto, umeshinda begini kutwa. Nikaomba ndoo ya barafu, nikaitumbukiza chupa dakika 20. (Barafu ndani ya glasi, hapana.)

Rangi ni ya zambarau zilizoiva hadi kupasuka, na harufu ni ya zambarau hizohizo na pilipili manga. Halafu unakuja ukakasi, uleule wa ndizi mbichi, unakamata fizi na hauachii. Dada alionja akakunja uso: “Mbona hawajaweka sukari?” Mvinyo wa Dodoma anaoujua yeye ni mtamu. Nikamwomba atafune kwanza kipande cha mbuzi chenye mafuta, ndipo anywe. Ukakasi hutoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, nao hung'ang'ania mate. Nyama yenye mafuta huulainisha. Alikunywa, akanyamaza, akaisogeza glasi iongezwe.

Kasoro ipo: mwishoni pombe inachoma koo, na kwenye joto la Mikumi inachoma zaidi. Bila nyama nisingemaliza glasi ya pili. Kwa mbuzi, chupa iliisha kabla ya mifupa.