Saa ya Kula Isiuzwe



Kila mwaka kitabu chetu hiki huandika waliozaliwa, waliooana, waliofaulu mitihani na waliotutoka. Katika orodha hiyo ya mwisho hatutaji ugonjwa, na pengine ndiyo adabu. Lakini sisi tunaokwenda mazikoni twajua ni mara ngapi neno sukari hunong'onwa nyuma ya jeneza. Takwimu za serikali ya Afrika Kusini za vifo vya 2016 na 2017 ziliweka kisukari nafasi ya pili miongoni mwa maradhi yanayoua, nyuma ya kifua kikuu tu.

Maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wazee hawatayapenda. Sisi wahamiaji wa Johannesburg hatushindwi na sukari kwa ajili ya wali na chapati peke yake. Twashindwa kwa sababu twaficha ugonjwa kazini, kisha twaiuza saa ya kula ili tuonekane hodari.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Ninao ugonjwa huu mwaka wa kumi na nne sasa. Wakati ule nilikuwa karani wa kuhesabu mali katika ghala moja la nguo mjini. Saa kumi na moja alfajiri napanda teksi Yeoville, saa moja niko kazini. Vidonge nilimeza chooni, kwa siri, kama mwizi. Mzigo ukifika saa ya kula, nasema hakuna taabu, mkate wangu nampa mwenzangu, naendelea hadi saa tisa. Nilijiambia kwamba mgeni akijulikana ni mgonjwa, kesho hana kazi.

Desemba moja, siku za mauzo makubwa, hesabu ilikataa kulingana. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, maneno yakakorogeka mdomoni. Msimamizi akaninusa. "Madala, umekunywa?" Mimi ambaye sijaonja pombe tangu kuzaliwa! Nikatolewa nje nikae kitako hadi pombe initoke. Aliyeniokoa ni mama mmoja mfagiaji, mkazi wa Soweto, ambaye mumewe ana maradhi haya haya. Alinitazama mara moja tu, akaniletea soda yenye sukari, na baada ya robo saa nikarudi kuwa mtu. Barua ya onyo nilipewa hata hivyo, wala sikuweza kuipinga. Ningepinga vipi, na hakuna aliyejua kuwa naumwa?

Sukari yangu ilikuwa imeshuka. Vidonge nilivyokuwa nikitumia husukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Ukivimeza ukafunga tumbo, umejitegea mtego mwenyewe.

Wasiwasi wa kazi huleta balaa la upande wa pili. Mtu akiwa na hofu au hasira, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, na ini hufungua ghala lake la sukari kana kwamba kuna simba wa kukimbiwa. Kwa mwenye afya insulini huituliza sukari ile. Kwetu sisi insulini ni haba au haisikilizwi, basi sukari hubaki damuni. Ndiyo maana mtu aweza kula kwa uangalifu, na jioni kipimo kikasoma 14. Asiyejua husema dawa imeharibika, huongeza kwa akili yake bila kumwuliza daktari, na kesho huanguka.

Sasa sikilizeni jambo la sheria. Sheria ya masharti ya msingi ya kazi ya 1997 humpa mfanyakazi saa nzima ya kula akishafanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Yaweza kupunguzwa kwa mapatano ya maandishi, lakini isipungue nusu saa. Mwaka 2005 Mahakama ya Kazi iliamua kwamba Jiji la Cape Town lilikosea kumnyima mtu kazi ya zimamoto kwa kuwa tu anatumia insulini, bila kumpima yeye binafsi. Na mwaka 2008 mahakama hiyo hiyo iliamua kuwa hata mgeni ambaye kibali chake kimekwisha ni mfanyakazi mbele ya sheria ya kazi. Sisemi kila tajiri ni mwema. Nasema woga wetu umezidi hatari yenyewe. Mimi nilipeleka barua ya kliniki, nikamwambia msimamizi mbele ya wenzangu. Alinung'unika wiki mbili, akazoea.

Kuna na shinikizo la nyumbani, ambalo ni zito kuliko la msimamizi. Ada, mabati, hospitali ya shangazi: simu ikilia, mtu anachukua zamu ya pili. Sikatazi kutuma, nami natuma. Lakini mwaka juzi nilimpigia kaka yangu Tanga nikamweleza kwa nini mwezi ule nitatuma nusu. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kumbe naye anayo sukari, mwaka wa tatu, akinificha nisije nikakosa raha ugenini. Wanaume wawili wazima, kila mmoja akimlinda mwenziwe kwa uongo!

Tusiwalaumu matajiri peke yao, maana hata mikutano yetu ya familia ni hivyo hivyo. Hotuba zaanza saa tano, pilau latoka saa kumi, na katikati ni chai iliyokwisha kutiwa sukari birikani. Nimeona wazee wakitoka nje kwa kisingizio cha kuvuta hewa, kumbe wanatafuta biskuti mfukoni.

Naiomba kamati ya mwaka ujao itoe chakula saa saba, chai iletwe kavu, na hotuba zifuate baadaye. Nimo katika orodha ya wasemaji. Nitasema dakika tano, baada ya pilau.