Tuwapokee Wanafunzi wa Vyuo Msimu wa Kahawa

Kila mwaka, ifikapo Julai, mambo mawili hukutana katika wilaya za Mbinga na Nyasa, nasi tunayaacha yapite kila moja kivyake. La kwanza ni msimu wa kahawa. Mbivu zinachumwa, mitambo ya pamoja ya kumenya kahawa (CPU) inafanya kazi hadi usiku, vyama vya msingi vya ushirika (AMCOS) vinapima, vinaandika na kulipa, na malori yanapanda na kushuka milima ya Umatengo. La pili ni likizo ndefu ya vyuo. Vijana wetu walioko Morogoro, Dodoma, Mbeya, Iringa na Dar es Salaam wanafunga mwaka wa masomo na kuanza kutafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo, yale wanayoyaita field. Wengi hawarudi nyumbani. Wanabaki mijini wakigombea viti vichache katika ofisi ambako mara nyingi watapewa kutoa nakala na kupanga mafaili, wakati huku kwetu kazi yenye mafunzo tele inafanywa mbio mbio na watu wachache, na hesabu zake zinaandikwa kwa kalamu kwenye madaftari. Ndugu zangu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, ninaandika kuomba jambo moja: tuwafungulie vijana hawa sehemu zetu za kazi, kisha tuwape ushahidi wa maandishi wa kile walichokifanya.

Malalamiko kwamba wahitimu hawaajiriki si mapya. Mwaka 2014 magazeti ya ukanda huu yaliandika kuhusu utafiti wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, ambamo waajiri walisema zaidi ya nusu ya wahitimu hawakuwa na ujuzi unaotakiwa kazini. Kwa Tanzania walitaja asilimia 61. Takwimu hiyo imetumiwa mno kuwalaumu vijana na walimu wao. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Ni maoni ya waajiri, si kipimo cha mikono ya vijana, na mwajiri hutoa maoni kwa kutazama anachoonyeshwa. Kwa hiyo ndani ya asilimia hiyo wamechanganyika watu wa aina mbili: wasioweza kazi, na wanaoiweza lakini hawana namna ya kumfanya mgeni aamini. Wa kwanza wanahitaji mahali pa kufanyia mazoezi. Wa pili wanahitaji shahidi na maneno. Mahali na shahidi ni vitu ambavyo sisi huku tunavyo, hata kama hatuna chuo kikuu chetu.

Tunafahamu vizuri jinsi kitu kizuri kinavyoweza kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa kukosa maelezo, kwa sababu kahawa imetufundisha. Gunia linaloondoka Mbinga haliandikwi "kahawa nzuri, yenye bidii". Linapimwa unyevu, punje zinachambuliwa kwa ukubwa na kwa kasoro, muonjaji anaonja na kuandika, na mnunuzi aliye mbali anajua ananunua nini kabla hajaliona. Sasa tazama barua ya maombi ya kijana wetu: mchapakazi, mwaminifu, anaweza kufanya kazi na watu wa aina zote, yuko tayari kupangiwa kituo chochote. Barua elfu moja zinasema hivyo hivyo. Hakuna aliyeandika kwamba kwa wiki nane alipokea mbivu za wakulima kadhaa kila siku, akalinganisha kilo zilizopimwa na zilizolipwa, akagundua tofauti na kuirekebisha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wazazi wengi wamewalea watoto wao katika adabu hiyo ya kutojisema. Ni adabu njema mbele ya wanaokufahamu. Kwenye usaili mtu yuko mbele ya wasiomfahamu, na kueleza ulichokifanya, pamoja na jina la aliyekiona, si kujisifu.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba ujuzi mwingine tunao tangu nyumbani, lakini kijana haujui kuwa ni ujuzi. Chukua ngoro. Kwa zaidi ya karne moja Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa kupanga majani yaliyokatwa katika miraba, kuyafukia kwa udongo na kuacha mashimo yanayotega maji ya mvua ili yasiondoke na rutuba. Maharage hupandwa mvua zinapoelekea ukingoni, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao kutoka Japani walikuja kuuchunguza mfumo huu, wakaandika juu yake kwa dunia nzima. Mtoto wa Mbinga anayesomea udongo au umwagiliaji, aliyekulia ndani ya mashamba hayo, anamaliza shahada yake pasipo kuandika neno ngoro popote kwenye wasifu wake. Mtu aliyevuka bahari kuja kuisoma anatambuliwa kama mtaalamu wa hifadhi ya udongo. Aliyeilima na bibi yake anajiona mtu asiye na uzoefu.

Nafasi za kujifunzia ziko za namna nyingi kuliko tunavyodhani. Katika AMCOS mwanafunzi wa uhasibu anaweza kusimamia daftari la malipo ya awali na kuliingiza kwenye kompyuta, mwanafunzi wa kilimo akafuatilia saa za kuvundika na unyevu wa kahawa iliyo kwenye meza za kukaushia, na wa teknolojia ya habari akatengeneza ujumbe wa simu unaomjulisha mwanachama kilo zake jioni ile ile. Kituo cha utafiti wa kahawa cha TaCRI kipo Ugano, kiwanda cha kukoboa kipo Mbinga, chama kikuu cha MBIFACU kina hesabu za vyama vingi vya msingi. Kule Ngaka makaa ya mawe yanachimbwa tangu mwaka 2011, na mnyororo wake unahitaji watu wa maabara, mizani, ufundi wa magari makubwa na usalama kazini. Ziwani, mwanafunzi wa uvuvi anayeweza kuonyesha kwamba usipa, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa juu ya vichanja walikaa muda mrefu kuliko waliokaushwa mchangani, na akawa na vipimo vya kuthibitisha, ana jambo la kumwambia mwajiri yeyote. Wanaosomea utalii wana Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya umbo la mwamba wake, na ambako Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani, katika moja ya mapigano ya kwanza ya majini ya Vita Kuu. Kijana aliyekwisha kuwatembeza wageni kwenye mwambao ule na kuwasimulia habari hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ameshafanya kazi ya utalii, awe amelipwa au la. Hospitali za Litembo na Liuli, karakana za parokia, maduka ya vifaa vya ujenzi na ofisi za kata, zote zina kazi za kufundishia.

Ombi langu ni dogo kwa makusudi, ili lisiwe na kisingizio. Kila AMCOS, kila kampuni, kila idara ya halmashauri zetu tatu, yaani Mji wa Mbinga, Wilaya ya Mbinga na Nyasa, ipokee wanafunzi wawili kwa likizo moja. Wapewe kazi yenye mwanzo na mwisho, si kukaa tu ofisini. Awepo mtu mmoja mwenye jina wa kuwasimamia. Mwishoni waandikiwe barua ya ukurasa mmoja inayotaja kazi yenyewe, kiasi chake, vifaa walivyotumia, kosa walilolisahihisha na simu ya msimamizi. Barua inayosema "alikuwa na nidhamu na tunamtakia mafanikio" haimsaidii kitu. Iandikwe kwa ukweli: kama kijana alishindwa jambo fulani, aambiwe uso kwa uso, na barua itaje tu kile alichokiweza. Tukianza kupamba, mwaka wa pili hakuna atakayeziamini barua kutoka kwetu, na tutakuwa tumewaponza hata waliofanya kazi kweli.

Nasikia pingamizi la kwanza: ajira zenyewe ziko wapi? Ni swali la haki, na sitalijibu kwa matumaini hewa. Ujuzi hauzai ajira peke yake. Lakini tusifumbe macho kwa kinachokuja. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imekamilika. Bandari mpya ya Mbamba Bay inajengwa. Meli za mizigo na ile ya abiria, MV Mbeya II, zimeongeza safari za ziwani. Mradi wa aina hii huja na mkandarasi wake, na mkandarasi huhitaji haraka mtunza stoo, msaidizi wa mpima ardhi, karani wa mizigo, fundi umeme. Asipowaona hapa, huja nao. Kisha tunalalamika kwamba wageni wamechukua kazi zetu, wakati hatukuwahi kuwa na orodha ya vijana wetu na kazi wanazoziweza. Na kwa asiyeajiriwa, barua hiyo ina kazi nyingine: kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo asilimia 4 ni fungu la vijana, kina nguvu zaidi kikionyesha kwamba wanachama wake wamewahi kusindika kahawa au kukausha samaki kwa mafanikio.

Wengine watasema hii ni kazi ya serikali na vyuo. Wajibu wao uko palepale. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 imeweka mkondo wa amali, mamlaka ya ufundi stadi, VETA, ipo tangu sheria yake ya mwaka 1994, na waajiri hulipa tozo ya ujuzi ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara. Ila tozo hiyo inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi. Ofisi ya AMCOS yenye katibu, mhasibu na mlinzi haimo, seremala hayumo, mchuuzi wa usipa hayumo. Uchumi wetu umejaa sehemu za kazi ambazo mipango ya mbali haizioni vizuri, na ni sisi tunaozifahamu kwa majina. Kwamba msimu una pilika na mwanafunzi atakuwa mzigo, hilo ni kweli kwa wiki ya kwanza na pengine ya pili. Baada ya hapo chama kina jozi mbili za mikono zinazojua kusoma hesabu, wakati ule ule ambao mhasibu wake amezidiwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la unyonyaji, nami nalichukua kwa uzito wake. Mafunzo yanaweza kugeuzwa kibarua cha bure. Anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) huenda ana fungu la mafunzo kwa vitendo. Asiye na mkopo, na mara nyingi huyo ndiye mtoto wa mkulima wa shamba dogo, hana kitu. Kwa hiyo nauli na chakula cha mchana viwe masharti, si fadhila, muda usizidi wiki zilizoandikwa na chuo, na mwanafunzi asiwekwe mahali pa kibarua aliyekuwa akilipwa. Mgodini asiingie bila kofia, viatu na maelekezo. Na kwa mabinti tuseme wazi: msimamizi anayedai mapenzi ili aandike barua anatenda kosa la rushwa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na wazee wa chama wanaomficha wanamharibia binti yule na kila binti atakayefuata. Kila chama kiwe na mwanamke mmoja, mjumbe wa bodi au mwanachama anayeheshimika, ambaye wasichana wanaweza kumwendea.

Wanafunzi nao wana sehemu yao. Andikeni kila siku mlichofanya, kwa idadi na kwa tarehe, kwa sababu baada ya miezi sita hamtakumbuka. Jifunzeni kueleza kazi hiyo hiyo mara mbili: kwa Kiswahili kinachoeleweka na mkulima wa Litembo, na kwa Kiingereza mtakachoulizwa kwenye usaili. Wengi wenu mmefundishwa kwa Kiingereza mkaelewa nusu, mkirudi nyumbani mnashindwa kumweleza mzee kwa lugha yake kile mnachokisomea. Wiki nane mkijibu maswali ya wanachama mbele ya mizani zitawanoa kuliko semina yoyote. Na wazazi, tusiwadharau watoto wanaorudi kufanya field kijijini kana kwamba wameshindwa maisha ya mjini.

Vyuo huanza kutoa barua za kuomba nafasi miezi kadhaa kabla ya Julai, hivyo uamuzi lazima ufanywe mapema. Naomba mikutano ya AMCOS, vikao vya kata na kamati za parokia kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay na kutoka Kigonsera hadi Litembo ziingize ajenda hii mwaka huu, na ifikapo mwisho wa Machi kila aliyekubali apeleke jina lake kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri zote tatu, stendi ya Mbinga na gati la Mbamba Bay, ikitaja kazi inayotolewa, tarehe ya kuanza na simu ya mtu wa kumpigia.