Nukta Nyekundu Isilipishwe Mtu

Bwana Mhariri amenipa nafasi ndogo, nami nataka kuitumia kupinga kanuni moja ya Chama chetu cha Picha. Kanuni yasema kwamba aliyeandika jina lake daftarini mara ya mwisho ndiye alipaye kasoro yoyote ionekanayo katika kamera. Muhula uliopita mwenzetu wa kidato cha pili alilipishwa kwa ajili ya nukta nyekundu iliyotokea katika picha za nyota. Wengine walisema ameiangusha. Wengine, eti ameichezea. Mtu akivunja lenzi na alipe, hilo sipingi. Lakini nukta hii ni neno jingine.

Huitwa pikseli moto. Kile kibamba cha silikoni kipokeacho mwanga kina vyumba vidogo mamilioni, na kila chumba hukusanya elektroni zitolewazo na mwanga. Lakini joto nalo hutoa elektroni zake, hata gizani. Chumba chenye dosari huvujisha nyingi kupita jirani zake, kikang'aa kama taa. Joto likizidi nyuzi 6 hadi 8 tu, uvujaji huwa karibu mara mbili. Ndiyo sababu picha za mchana hazikuonyesha kitu, na ile iliyopigwa kwa sekunde 30 ikaonyesha.

Dosari zatoka wapi? Nyingine huzaliwa kiwandani. Nyingine huletwa na chembe zitokanazo na miale ya anga za mbali, ambazo huzipiga atomu za silikoni zikaziondoa mahali pake. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walipima kamera nyingi, wakaona kasoro hizi huongezeka kadiri miaka ipitavyo, nazo hutawanyika ovyo ovyo. Juu katika ndege chembe hizo ni nyingi zaidi. Na kamera yetu, zawadi ya wanafunzi wa zamani, ililetwa kwa ndege. Je, tuwadai na hao?

Hata darubini ya Hubble yaugua hivyo huko juu. Karibu kila mwezi kamera zake hupashwa joto, na pikseli moto nyingi hupona. Kwetu yatosha kufunika lenzi, kupiga picha ya giza kwa sekunde zile zile, kisha kompyuta iiondoe katika picha ya nyota.

Naomba mwenzetu arudishiwe fedha zake kabla shule haijafungwa, na picha ya giza ipigwe kila mwanzo wa muhula, nukta zote ziandikwe daftarini.